Santuri ya Magitaa na Maoni ya Mzee wa Handeni

Mmenitaka niandike kuhusu miaka yangu ya redio, nyinyi mliobaki pale studio, ili yawasaidie kazini. Ya vyeo nitayaruka, maana nilipewa vichache na kila kimoja kilikuja na kazi ya mtu aliyeacha. Nitaandika yale niliyoyashika kwa mikono yangu, na Jumapili moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashindwa kukaa kwenye kiti.

Kabla ya utangazaji nilikuwa narekodi kanda pale sokoni Handeni. Mtu analeta kanda tupu, anataja nyimbo, namjazia. Kazi ile ilinifunza masikio ya watu. Anayekwambia "weka chochote tu" ana wimbo mmoja kichwani, na usipouweka atarudi na ugomvi. Redio ilipofunguliwa Korogwe na wakatafuta mtu anayejua muziki na anayeweza kusoma bila kukwama, nikafunga kibanda nikaenda.

Studio ilikuwa vyumba viwili vilivyotenganishwa na kioo, juu ya stoo ya mahindi. Kuta tulizibandika trei za mayai kuua mwangwi, kwa hiyo wageni wengi walidhani tunafuga kuku. Siku yangu ya kwanza nilivaa hedifoni, nikawasalimia wasikilizaji wa Handeni, wa Korogwe, wa milimani na wa mabondeni, nikawashukuru wazazi wangu, nikamaliza kwa dua. Fundi mitambo wetu, Mzee Hatibu, alinisubiri mpaka mwisho kabisa. Kisha akanyoosha mkono akawasha maikrofoni.

"Sasa rudia, mwanangu," akasema. "Safari hii na wao wasikie."

Huyo ndiye aliyenilea kikazi. Alikuwa mzee mwembamba wa Kisambaa, shati lake lina kalamu ya kupimia umeme mfukoni badala ya kalamu ya kuandikia. Alinifundisha kusikiliza jenereta kabla halijazimika, kwa sababu hukohoa kwanza. Alinifundisha kusoma jina la marehemu mara tatu kimoyomoyo kabla ya kulitangaza, kwani ukikosea jina la mtu aliyekufa, ndugu zake wote wako hai na wana simu. Na alinifundisha kitu cha kufanya msikilizaji anapopiga simu hewani: usimjazie maneno. Akinyamaza, nawe nyamaza kidogo. Lile analolitaka kweli huja baada ya kile kimya.

Baada ya miaka kadhaa mama mmoja wa Mombo, mjane wa daktari, alituletea sanduku la santuri za marehemu mumewe, pamoja na mashine ya kuzipigia. Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika. Mzee Hatibu akakata mpira wa tyubu ya baiskeli, akaufunga, na waimbaji wote wakatoka na sauti za watu walioamshwa usingizini. Akaupunguza mpira kwa wembe, akajaribu, akaupunguza tena, mpaka sauti zikakaa sawa. Ndipo nikaanzisha kipindi cha Jumapili mchana nikakiita Sahani Nzima. Naweka santuri moja, napiga upande wa kwanza, nageuza, napiga upande wa pili, kisha nafungua simu watu watoe maoni. Sikatishi wimbo, siongei juu ya wimbo.

Mwanzoni kilipendwa. Dansi, taarabu, kwaya, kila mtu alikuwa na la kusema. Lakini santuri zilizozoeleka zikaisha, simu zikapungua, na Jumapili nyingine nikawa nasoma meseji za Mzee Hatibu aliyekuwa amekaa chumba cha pili. Meneja wetu, Bwana Elinami, alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na tangazo la mbolea lililotafuta nafasi nzuri.

"Bi Mwana," akaniambia Ijumaa moja, "Jumapili hii simu zisipoingia, kipindi kipumzike."

Kupumzika kwa kipindi mnakujua nyinyi. Hakiamki.

Nikainama kwenye sanduku. Chini kabisa ilibaki santuri moja niliyokuwa nikiipita kila mara. Jaladani wanaume wanne wenye nywele mpaka mabegani wamesimama juu ya reli, wamenuna kama wanaosubiri treni iliyochelewa. Nyimbo zake nilikuwa nimewahi kuzisikia mara moja sokoni, enzi zile za kanda, kwa mteja mmoja aliyesema ni za santuri maarufu duniani kote. Ni magitaa ya umeme yanayonguruma, ngoma kama mtu anavunja mlango, na mwimbaji anayepiga kelele kana kwamba kaungua. Vijana wanaiita roki. Nikasema, kama tunakufa, basi tufe tukisikika.

Jumapili ikafika. Niliweka sindano, nikapandisha sauti, na trei za mayai zikaanza kutetemeka ukutani. Mzee Hatibu alinitazama kupitia kioo, akajishika kifua, kisha taratibu nikaona mguu wake unapiga chini.

Upande wa pili haujaisha simu zilikuwa zimeanza kuwaka. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Makuyuni.

"Shikamoo Bi Mwana."

"Marahaba mama, karibu. Santuri umeionaje?"

"Mimi nauliza tu. Huyo anayeimba anaumwa wapi?"

Akafuata kijana wa bodaboda wa hapo stendi. "Bibi, hii ngoma ni noma! Yaani wimbo wa pili umenipandisha nywele. Rudia!" Akaja mfugaji kutoka upande wa Handeni, akasema ng'ombe walikuwa wananywa maji, gitaa lilipoanza wakainua vichwa wote, wakasikiliza, wakarudi kunywa. "Hawajakimbia," akasema. "Kwa hiyo hatuna neno." Maalimu mmoja wa Kwamndolwa alisema kwa upole kwamba yeye binafsi haupendi muziki huo, ila ameusikiliza mpaka mwisho asije akawasingizia watu. Nikamshukuru. Akanyamaza. Nami nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

"Ule wa tatu, ule wenye ngoma nzito," akasema, "ngoma yake amepiga mtu mmoja tu, au wawili?"

Nilikuwa nimeanza kucheka kwa furaha. Meseji zilikuwa zinaingia kwa kasi hata simu ikapata moto. Watu walikuwa wanabishana kati yao: Handeni wanautetea wimbo wa kwanza, Korogwe wanautetea wa tatu, na wa Magoma wanasema wote hawajui muziki. Ndipo akapiga mzee mmoja kutoka Handeni, sauti kavu, ya mtu asiyetaka mchezo.

"Mtangazaji, mimi naitwa Athumani, ni mkulima. Hiyo santuri naijua tangu ujana wangu. Nina lalamiko."

"Karibu mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Wimbo wa mwisho mmeuongeza."

"Tumeuongeza vipi, mzee?"

"Mmeweka kipande katikati ambacho hakimo. Gitaa likifika pale juu, linatakiwa lijirudie, ta-ta, ta-ta, ta-ta, kisha linaruka, pa! linaingia mwisho. Ndivyo ulivyo. Nyinyi mmeweka maneno marefu, na gitaa la polepole, sijui mmelitoa wapi. Msiharibu kazi za watu."

Nikamweleza kwa adabu kwamba santuri haiwezi kuongezwa kitu. Akasema yeye ameupiga wimbo huo kwa mikono yake, hawezi kuambiwa na mtu. Akakata simu.

Basi hapo wasikilizaji wakapata la kufanya. Meseji za kumcheka zikamiminika. Mmoja aliuliza kama mzee amekula. Mwingine alisema Handeni hata santuri wanasikia za kwao peke yao. Nikasoma mbili tatu hewani, kwani nilizidiwa na uchangamfu, na nikasikia watu wanacheka hata kule chini stoo ya mahindi.

Simu iliyofuata ilitoka Magoma. Mtu huyo alikuwa anapaza sauti sana, kama anayeongea kutoka ng'ambo ya mto.

"Acheni kumcheka huyo mzee!"

"Karibu baba. Jitambulishe."

"Naitwa Joakim. Nimesema acheni kumcheka. Yuko sahihi!"

Nikamwuliza anamaanisha nini, wimbo si huu tumeusikia wote?

"Huo ni wa kwenu. Sisi kwenye kambi ya mkonge, klabu ya wafanyakazi, tulikuwa na santuri moja ya hao hao. Ilikuwa na mkwaruzo wimbo wa mwisho. Sindano ikifika pale inajirudia mara tatu, kisha inaruka. Ta-ta, ta-ta, ta-ta, pa! Sisi tulikuwa na bendi yetu, hatukuwa tumewahi kusikia nyingine, tukajua wimbo umetungwa hivyo. Tukaupiga hivyo hivyo! Watu walikuwa wanangoja ule mruko, wakifika pale wote wanaruka."

Nikamwona Mzee Hatibu amesimama.

"Mimi nilikuwa napiga ngoma," Joakim akasema. "Za madebe. Gitaa alipiga rafiki yangu. Mtangazaji, anayejua huo mruko ni mtu aliyekulia kwenye ile kambi. Na anayesema ameupiga kwa mikono yake ni mtu mmoja tu duniani. Huyo mzee ananguruma hivyo hivyo kama zamani. Nipe niongee naye."

Nyinyi mnajua mitambo ya leo, mnabonyeza mnawaunganisha watu watano. Wakati ule tulikuwa na laini moja tu inayoingia kwenye mikisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti. Kama ningemwacha Joakim nimpigie Athumani, ningempoteza Joakim. Mzee Hatibu akaingia bila kubisha hodi, akaisoma namba ya Handeni kwenye simu, akaipiga kwa simu yake ndogo ya tochi, akawasha spika, akaisogeza karibu na maikrofoni.

Ikaita. Ikaita. Akapokea mwanamke.

"Nani?"

"Mama, hapa ni redio Korogwe, tuko hewani. Tunamwomba Mzee Athumani."

"Nyie!" akasema yule mama. "Mmemcheka mume wangu nchi nzima! Kazima redio, katoka na hasira zake. Mimi ni mkewe, Mama Zaina, na mimi nina hasira vilevile!"

"Mama Zaina, tunakuomba radhi. Kuna mtu anamtafuta. Mwambie ni Joakim wa kambini."

Yule mama akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Joakim alikufa."

"Sijafa!" Joakim akapaza sauti kutoka Magoma. "Mama, niko hapa nimesimama!"

Hapo yule mama alianza kukimbia. Naapa, mliokuwepo mlisikia wenyewe. Tulisikia kandambili zake zinapiga chini, tulisikia kuku wanapiga kelele wakimpisha, tulisikia anamwuliza mtu, "Umemwona Baba Zaina?" na yule mtu anasema kapita kuelekea kwa jirani Mhina. Akawa anahema, anasema "Ngoja, msikate, msikate," na mimi huku nimeshika meza kwa mikono miwili kama mimi ndiye ninayekimbia. Watu waliniambia baadaye kwamba pale Korogwe sokoni wachuuzi waliacha kuuza. Bwana Elinami akaingia na karatasi ya tangazo la mbolea, ananionyesha saa. Nikamwonyesha simu. Akasikiliza kule kuhema. Akakaa chini sakafuni na suti yake.

"Baba Zaina! Baba Zaina, shika hii!"

"Kuna nini?"

"Shika tu!"

"Halo?" Ilikuwa ile sauti kavu.

Nilitaka kusema kitu. Mzee Hatibu akaweka kidole mdomoni.

"Nyuzi," akasema Joakim.

Tulisikia upepo wa Handeni tu.

"Nyuzi. Bado unapiga gitaa, au umebaki na mdomo?"

"Nani anaongea?"

"Unamjua anayeongea."

"Joakim alikufa," mzee akasema taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa zamani. "Kambi ilipofungwa aliondoka na lori la mizigo. Lori lilipinduka Segera. Waliokuwa juu walikufa."

"Lilipinduka. Mimi nilikuwa nimeshuka haja ndogo."

Mzee Hatibu alifunika uso kwa kofia yake. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili.

"Mbona hukunitafuta?" Athumani akauliza, na sasa sauti ilikuwa imepasuka.

"Nilikuja Handeni! Nilikuwa silijui jina la baba yako, kambini wote tulikuita Nyuzi kwa ajili ya gitaa lako. Nikauliza kwa Nyuzi ni wapi, wakanipeleka kwa fundi cherehani! Nikarudi mara ya pili, wakanipeleka kwa fundi mwingine. Nina suruali mbili kutoka Handeni ambazo sikuzihitaji."

Athumani akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu cha mtu mzima aliyesahau kwamba yuko hewani, na nyuma yake tulimsikia Mama Zaina anapiga vigelegele. Sikufanya kazi yoyote dakika zile. Waliulizana nani kaoa, nani kazika. Joakim alisema mashine ya kuchakata mkonge, ile korona, imeondoka na sikio lake moja, ndiyo maana redio yake huipandisha sauti mpaka mwisho na majirani wote hulazimika kusikiliza. Athumani alisema vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji tena. Kisha, kabla hata hawajakubaliana siku ya kuonana, wakaanza kubishana.

"Ila ulikuwa unawahi," Athumani akasema. "Pale kwenye mruko. Debe lako lilikuwa linatangulia."

"Mimi? Wewe ndiye uliyekuwa unachelewa, unawatazama wasichana!"

"Joakim, mruko ni ta-ta, ta-ta, ta-ta, halafu pa!"

"Pa inaingia juu ya ta ya mwisho!"

Wakaupiga kwa midomo, hewani, mmoja Magoma, mmoja Handeni, na mimi kati yao nimeshika simu ya tochi juu ya maikrofoni mpaka mkono ukafa ganzi. Bwana Elinami alisimama, akajipangusa vumbi, akalikunja tangazo la mbolea akalitia mfukoni. Hakuniambia tena habari ya kipindi kupumzika.

Jumapili iliyofuata wote wawili walikuja studio. Joakim alifika wa kwanza na basi la asubuhi, mrefu, kichwa kimeinama upande wa sikio zima. Nje walijaa watu: yule mama wa Makuyuni alikuja na kikapu cha machungwa, kijana wa bodaboda alikuja na wenzake, na maalimu wa Kwamndolwa alisimama ng'ambo ya barabara akasema anapita tu. Athumani alishuka kwenye gari la Handeni na Mama Zaina nyuma yake. Nilijua watakumbatiana. Hawakukumbatiana. Walisimama wakatazamana, na Joakim akaushika mkono wa kushoto wa Athumani, akaukunjua, akavigusa vile vidole kimoja kimoja, mpaka vyote viwili visivyokunja. Kisha akauweka shavuni kwake.

Niliwaketisha studio nikaweka santuri. Sikuhitaji kuwaambia watulie. Wimbo wa mwisho ulipofika pale juu, wote wawili waliinama mbele, tayari kuruka, na gitaa likaendelea kwenda, polepole, mahali ambapo hawakuwahi kufika. Athumani alifumba macho. Joakim aligeuza lile sikio zima kuelekea spika. Sindano ilipoinuka nikafungua maikrofoni.

"Wazee wangu, maoni?"

"Mzuri," akasema Joakim. "Mzuri sana. Tungejua, tungeupiga huu."

"Wa kwetu ulikuwa bora," akasema Athumani.

Hawakukubaliana mchana huo, wala jioni nilipowasindikiza stendi. Gari la Handeni lilipokuwa linapiga honi, Athumani alimwambia mkewe atangulie, yeye anafika Magoma mara moja kumwonyesha huyu mtu mahali anapokosea, kesho atarudi.

Jumapili iliyofuatia nilifungua simu kama kawaida, na wa kwanza kuingia alikuwa Mama Zaina.

"Bi Mwana, sina maoni ya santuri leo. Nina tangazo. Mwambie mume wangu popote alipo huko Magoma, mahindi yamekauka shambani na mbuzi wamekwishayajua. Arudi nyumbani."

Nikalitangaza kwa sauti rasmi, kama tangazo la wizara. Sijamaliza, laini ikawaka tena. Nilisikia madebe yanapigwa kwa nyuma, watoto wanapiga makofi, na mtu anapaza sauti juu ya kelele zote.

"Bi Mwana, mwambie mama anarudi," akasema Joakim. "Ndiyo kwanza tumegeuza upande wa pili."